Jina la Beno Kwenye Folda Yangu

Mume wangu mdogo Festo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako anapepeta ulezi, anakusalimu.

Unasema kompyuta yako yenye mfumo wa Linux inaiona folda ya mwenzako anayetumia Windows, lakini haifunguki. Nilipokuwa karani Namanyere, Beno wa meza ya pili alikwama hivyo hivyo kwenye folda yangu. Niliulaumu mfumo wake wiki nzima, hata salamu nikamnyima. Ndipo akaja, akasema, "Dada, labda hujaniandika."

Kweli, kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuifungua lilikuwepo jina langu tu. Nikaandika na lake, nikampa nywila, ikafunguka. Kwa aibu nikamletea chupa ya togwa kesho yake.

Mwombe mwenzako akuandike, bila ugomvi. Kwangu wewe uliandikwa kabla hujazaliwa.

Bibi yako,
Sumbawanga