Mchuzi wa Mama, Mjini Huế

Nam Định, 3 Machi 1998

Dada yangu Nhàn,

Mama bado anakohoa, ila chakula anakula. Nilikwenda Huế kwenye harusi ya mwenzangu wa kiwandani, na kwa uroho wangu nikaonja supu ya tambi katika mikahawa mitatu. Mchuzi wa kwanza ulikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Wa pili ulijaa sukari. Wa tatu, karibu na stesheni, nilimeza kijiko kimoja tu nikaduwaa. Ulikuwa mchuzi wa mama, na ule muwa wa kuchoma anaoutia yeye peke yake.

"Dada, nani alikufundisha?" nikamuuliza mpishi.

"Marehemu mume wangu, mtu wa Nam Định. Tulimzika mwaka jana. Mbona umeacha kula, mdogo wangu?"

Picha yake ilikuwa ukutani. Ni kaka yetu Khoát, mwenye mvi. Yule yule tuliyeambiwa aliuawa vitani, akiwa kijana.

Mama sijamwambia. Jana aliniuliza supu za Huế zikoje.

"Hazifiki hata robo ya yako," nikamjibu.

Akacheka, kisha akaenda kumfukizia ubani marehemu mwanawe Khoát, kama afanyavyo kila jioni.

Nishauri, dada. Usingizi umenihama.

Mdogo wako,
Thoa