Manjano ya Taa

Studio ya Picha, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii inawakuta salama, wewe na Mama, na kwamba mguu wake umeacha kumsumbua. Huku tunapumua. Mimi ni uchovu tu, wa kulala vipande vipande na mtoto.

Barua yako imeninyima raha. Umesema Mama alipoiona picha ya Bonge alilia, eti mjukuu ana ugonjwa wa manjano, na mwisho wa mwezi anakuja kumchukua akamlee mwenyewe. Dada, mtoto ni mzima. Maana na mimi nilishikwa na hofu, nikambeba hadi zahanati. Nesi alimfunua macho, akamfinya shavu, akaniambia nimpunguzie uji.

Ukuta wetu hapa ni mweupe. Mteja akitaka rangi nyuma yake, tunaifunika taa kwa karatasi laini ya rangi, kama ile ya kufungia peremende, tunaielekeza ukutani. Yeye anakaa mbali na ukuta ili rangi ibaki kule kule. Sasa Bonge kukaa hajui, anapinduka kama gunia. Nikamwegemeza ukutani. Manjano yote yakamrudia usoni mpaka ndani ya macho. Mimi mama mtu nikaona dhahabu, nikaituma picha kwenu mbio. Tajiri wangu, tunayemwita Tabasamu kwa sababu hajawahi kulitoa, aliiona baadaye. Akasema, "Mama Bonge, hapa umepiga picha ya embe."

Kazi hii naipenda, na ndiyo kwanza ameanza kuniachia taa. Mtoto analala nyuma ya pazia, namnyonyesha wateja wakipungua. Akiondoka, maziwa yatakauka, na mimi sijui nitabaki na nini. Mwambie Mama hivyo, taratibu, akishakula. Wewe anakusikiliza, mimi kwake bado ni kitinda mimba.

Nawatumia picha nyingine. Tabasamu ametupiga mwenyewe mlangoni, kwa mwanga wa jua, bila rangi yoyote. Macho ya Bonge ni meupe. Yangu yamezama, na hilo sitaisingizia taa. Kwa hiyo Mama asiahirishe safari, aje. Amshike mjukuu wake hapa hapa, nami nilale hata mchana mmoja.

Nisalimie shemeji, Shangazi Kicheko na wale pacha wako watundu. Mungu awafunike kwa rehema zake, nyumba nzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikisinzia,
Mama Bonge.