Mkono Si Kigasha

Jumanne. Upepo wa Same umeanza mapema leo na vumbi lake, nami nimeshinda na hasira. Nimetoka hospitali kupima presha. Imepanda, na aliyeipandisha namjua.

Nilimkuta kwenye benchi, mzee kafunga mkono wa kushoto kwa kanga. Shikamoo ilinitoka kabla sijamtambua. Ningemtambua mapema ningeimeza.

Ni yule karani wa shamba la mkonge.

Nilikuja tambarare hizi kutoka Songea, kijana, kukata mkonge. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni na ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Siku moja mzigo wa mkonge ukaniangukia mkono wa kulia, nikasikia kitu kinakatika kati ya kiwiko na kifundo. Karani akaniandikia barua ya hospitali, kwa Kiingereza, maana alikipenda kuliko mkewe. Mkono akauandika "hand". Kumbe kwa wenye lugha yao hiyo ni kiganja na vidole tu.

Hospitali ilibakiwa na filamu moja ya eksirei. Wakapiga kile barua ilichosema. Nikawaonyesha panapouma, wakasema maumivu husambaa. Mifupa ishirini na saba, yote mizima! Hesabu hiyo nimeisoma baadaye kwenye kitabu cha biolojia cha binti yangu. Kutoka chini ya bega hadi kwenye kucha ipo thelathini. Mitatu haikupigwa picha, na mmojawapo ndio uliovunjika.

Nikarudishwa kazini nikiitwa mvivu. Shamba lilipopata tajiri mpya na watu kupunguzwa, jina langu likatangulia. Mfupa ulijiunga wenyewe, umepinda. Hadi leo kiganja hiki hakigeuki kutazama juu. Napokea vitu kwa kushoto, watu wananiona sina adabu.

Leo naye kaniona hivyo. Nesi alimpa karatasi aandike jina na mahali panapouma. Miwani kaisahau nyumbani, akanipa mimi nimjazie. Nikaipokea kwa kushoto. Akakunja uso.

Nakiri hapa: nilitaka kuandika "mkono", basi, nimwache ahangaike kama nilivyohangaika. Herufi ya kwanza nilishaiandika.

Nikaikata. Nikaandika kwa herufi kubwa: KIGASHA CHA KUSHOTO. Si kwa huruma. Nilitaka ajue kwamba neno lilikuwepo siku zote, tena kwa Kiswahili. Nikamsomea.

"Kigasha ndiyo nini?" akauliza.

Karani mzima. Nikakunja mkono wa shati, nikamwonyesha changu, kutoka kiwiko hadi kifundo. Akakitazama kilivyopinda, akasikitika kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Pole sana, mwanangu. Ulianguka?"

"Hapana, mzee. Niliandikwa."

Hakuelewa. Aliitwa, akaingia na karatasi yangu, akatoka na hogo jeupe la plasta. Kigasha chake kitapona kimenyooka, na mwandiko ni wangu. Mimi nimekaa hapa nachapa kwa mkono uleule, namchukia, na najichukia kidogo kwa kuwa niliinuka nikamfungulia mlango.

Nilimsikia nesi akimwambia arudi Alhamisi. Presha yangu nayo wanataka kuiona Alhamisi.

Safari hii shikamoo simpi. Nitamtajia jina langu.