Kioo cha Tachi Kiko Meza Zote Mbili

Mjomba Masanja,

Shikamoo yako leo sikupi. Nilikupa kila asubuhi kwa miezi tisa, nimepiga goti mlangoni mwa darasa lako pale Bariadi, na wewe ukiitikia huku unatazama pembeni. Zinatosha hizo.

Ni mimi Minza, mtoto wa dada yako wa Migato. Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike. Watu wakishazika husahau haraka. Pale nyumbani sasa hivi wewe ni malaika. Mimi sijasahau. Ulipokuwa hai hukunipa nafasi ya kusema, basi utanisikiliza sasa, maana huna pa kwenda.

Kumbuka siku Mama aliponileta kwako. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kujivunia, na Mama akasema, "Kaka yangu ana kompyuta. Atakufundisha, hata ukarani wa ghala la pamba utapata." Ulinishika mkono wa kulia ukaugeuza kama mtu anayekagua ngozi ya mbuzi mnadani. Vidole vitatu. Viwili vilikatwa na kamba ya maksai nikiwa na miaka minane, walipokurupuka tukilima. Ulilijua hilo, ulikuja hospitalini kunitazama. Lakini ulisema mbele ya darasa zima, "Kibodi ni ya watu wa vidole kumi. Wewe utafuta vumbi."

Nikafuta vumbi. Msimu wa pamba malori yalipita mbele ya mlango kutwa nzima, nikimaliza kufuta meza ya mwisho, ya kwanza imeshakuwa nyekundu kwa vumbi. Ndivyo nilivyosoma, nimesimama nyuma na kitambaa mkononi.

Mbele ya darasa ulikuwa na meza mbili za kufundishia. Hii ya vifaa vya kuingiza: kibodi, mausi, skana, maiki. Ile ya vifaa vya kutoa: monita, printa, spika. Ulikuwa ukisema, "Kompyuta haioni wala haisikii mpaka uiambie kitu kwa vifaa vya meza hii. Na ikishafikiri haina kinywa mpaka ikujibu kwa vifaa vya meza ile." Mtu aliyetoka kuchunga ng'ombe huko Lingeka, hajawahi kugusa hata kikokotoo, akakuelewa siku hiyohiyo. Ulifundisha vizuri. Inaniuma mkono kuandika hivyo.

Ukienda kula mchana, mimi nilikaa kwenye kibodi. Nilivitafuta kwa kidole vile vinundu viwili vidogo, kimoja kwenye F kingine kwenye J, nikajipangia njia yangu mwenyewe. Mkono wa kushoto ukabeba herufi ambazo vitabu vyako viliupa mkono wa kulia. Ulipopanda ngazi za kibaraza nilikuwa nimeshasimama, nafuta monita.

Halafu ikaja siku ya Holo. Yule dada wa Mwanhuzi, mcheshi, aliyekaa dirishani. Aliinua simu yake akauliza, "Mwalimu, simu ya tachi, kioo chake kinakaa meza ipi?"

Ukajibu bila kufikiri. "Ya kutoa. Kioo ni kioo."

Sijui nini kilinisukuma. Nilisema, "Mjomba, kioo cha tachi kiko meza zote mbili. Ukikigusa kinaingiza, kisha hichohicho kinakuonyesha."

Holo akacheka. Hakunicheka mimi, na wewe ulijua hivyo. Uliweka chaki chini taratibu. "Tangu lini kitambaa cha vumbi kikafundisha?"

Nilidhani yameishia hapo. Siku tatu baadaye ukampigia Mama simu, ukamwambia mausi yako isiyo na waya imeibwa, na mwizi ni mwanawe, aje amchukue.

Mausi, Mjomba! Kitu cha kujaa kwenye kiganja. Hukunipekua. Hukuniuliza. Ulifungasha begi langu mwenyewe ukaliweka kibarazani, nikaondoka mbele ya watu niliokuwa nikiwafutia meza.

Unajua Migato ilivyo. Habari ilifika kabla ya bodaboda iliyonibeba. Kwaya ilininyang'anya ufunguo wa stoo ya vyombo. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa ameniomba nimchapie mitihani akasema hana haja tena. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wananisalimia vizuri tu, "Mwangaluka, Minza," kisha wanaingiza simu zao mfukoni.

Mwaka uliofuata wewe ukapooza. Mkeo alishatangulia, wanao wako Geita na Dar, na Mama akanijia jikoni akasema, "Damu ni damu. Nenda kwa mjomba wako." Nikaenda. Miezi miwili nimekuogesha, nimekugeuza, nimekulisha uji kwa kijiko. Sauti ilikwisha. Upande wa kulia ulikufa wote. Macho ndiyo yalibaki, na yalikuwa na hasira kama zamani.

Nilikuletea kibodi ya darasani nikakuwekea mapajani. Mkono wa kushoto ulitetemeka, ukawa unabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Nikajaribu mausi, ikakuponyoka. Mwishoni nikachukua simu yangu, nikakuza herufi mpaka zikajaa kioo, nikaishika chini ya kidole chako. Uliandika MAJI.

Uliandika juu ya kioo, nikasoma kwenye kioo hichohicho. Uliniangalia, nami nikakuangalia. Nilifurahi, Mjomba. Ulikuwa unaumwa na mimi nilifurahi, na siombi msamaha kwa hilo.

Toka hapo ukawa bwana tena. UJI MOTO MNO. FUNGA MLANGO. FUKUZA NZI. Asante hukuwahi kuiandika, ingawa herufi zake zote zilikuwepo.

Jumapili moja Mama alikuja kukuona. Nilimkalisha kitandani pembeni yako, nikakushikia simu, nikauliza mbele yake, "Mjomba, mausi ile niliiba mimi?" Mama alinivuta kanga. Sikumjali. Ukaanza. M. I. N. Z. A. Kidole kikasimama. Jasho lilikutoka puani. Halafu ukaanza kufuta, herufi moja baada ya nyingine, kwa kile kitufe nilichokuonyesha mimi. Ukaandika NIMECHOKA, ukafumba macho.

Ulikufa Alhamisi.

Basi nikupe habari. Wanao walinipa ufunguo wa darasa kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumpa. Nimepekua kila kabati, kila boksi la waya. Mausi haipo. Sitajua ilikwenda wapi, na labda hata wewe hukujua, ulitaka tu mtu wa kumbandika jina la mwizi. Nina wanafunzi kumi na mmoja. Meza zako nimeziunganisha zikawa moja, na siku ya kwanza kila mtu anagusa kila kitu, hata akikosea.

Juzi Mama alikuja na mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikaa nyuma mpaka darasa likaisha. Kisha akasema, akitazama sakafu, "Mwanangu, nilijua siku ileile. Nilikupekua begi ukiwa umelala. Nilijua hukuiba. Nilishindwa kumwambia kaka yangu kuwa anadanganya."

Tulitafuna ile michembe, ngumu kama mawe. Miaka miwili, Mjomba! Alijua, akanipeleka kukuogesha. Hilo nalo nakudai wewe: ulimfundisha dada yako kukuogopa tangu mkiwa watoto, mpaka hofu hiyo ikaizidi huruma yake kwa mtoto wake.

Jumapili, kwenye matangazo, Mama alisimama kanisani bila kuitwa. Akasema kwa Kisukuma kwamba binti yake hakuiba kitu cha mtu, na yeye alijua akanyamaza, na anaomba radhi. Hakukutaja jina. Hakukuwa na haja.

Jambo la mwisho. Wanao wanataka kukujengea kaburi, wamenitumia maneno ya kuchapa ili fundi ayachonge: "Mwalimu Masanja, mtu mpole na mwaminifu." Nimekaa nayo siku mbili. Jina nimeliandika kwa herufi kubwa. Neno Mwalimu nimeliacha, sikunyimi lako. Hayo mengine nimeyafuta, nikachapa, na karatasi iko kwa fundi. Wakikasirika watanikuta hapa.

Siku ya kujengea nitakuja. Nitabeba maji ya zege kama ndugu wengine, lakini usitegemee nilie. Na nakuahidi hili: mwanafunzi akinisahihisha mbele ya darasa, na akawa sahihi, nitamwambia kuwa ni sahihi mbele ya darasa hilohilo, hata kama uso utaniwaka moto.

Kwaheri, Mjomba. Usinijie ndotoni.

Minza