Kicheko Kilichopitia Kwenye Nyaya Zangu

Ziwani, Nairobi

Mjukuu wangu Kavata,

Huku hatujambo, goti la nyanya yako limepata nafuu, na binamu yako amepata kazi Kariokor. Umeniuliza ufanye nini mwenzako anaposifiwa kwa kazi uliyoifanya wewe. Mimi yalinipata miaka ya tisini.

Nilikuwa fundi wa kituo cha televisheni. Nilifunga kisanduku cha kutia maandishi kwenye picha, ili viziwi wasome yanayosemwa. Mwenzangu Mwende kazi yake ilikuwa kuyachapa tu mapema, na alikuwa akiyachapia Kaloleni mbele ya viziwi, wamwambie kama yanasomeka. Siku ya kipindi cha kwanza chama chao kilitualika ukumbini huko Kaloleni, tukitazame pamoja. Viziwi walikuwa wamempa Mwende jina la ishara: vidole viwili vikigonga shavu. Wivu ulinikaba.

"Na mimi je, niliyefunga kisanduku?" nilimuuliza mwenyekiti wao, mzee mchonga vinyago, bintiye akitufasiria.

"Hicho kisanduku kiko wapi?"

"Kiko studio."

"Basi fundi, hatujakiona. Mwende tumemwona akichapa. Jina tunampa mtu kwa tunachomwona akifanya."

Mwende akacheka, mimi nikanuna. Kipindi kikaanza. Mchekeshaji akamtania mkewe, maneno yakatokea chini ya picha, na mzee akacheka pamoja na bintiye. Binti akamgeukia, kinywa wazi. Maisha yake yote, baba alikuwa akicheka baadaye, akishaelezwa.

Kicheko kile kilipitia kwenye nyaya zangu, na hakuna aliyenitazama. Niliridhika, robo tatu hivi. Robo iliyobaki, Kavata, mpaka leo inataka jina.

Ni mimi babu yako, fundi.