Radi, Mjomba na Pikapu ya Walioshindwa

Jumapili, 5 Julai

Kesho tunaondoka! Mbuga nzima kwa baiskeli, toka kinu cha nafaka hadi daraja la mto. Wenzangu wana baiskeli za gia na helmeti zinazong'aa kama mayai. Mimi nina Radi. Radi hana gia — gia ni mimi. Mjomba alimuunga mwenyewe karakanani kwake: fremu ya huyu, rimu za yule, kengele sijui ya nani.

Mapatano: nikifika darajani kwa miguu yangu, Radi ni wangu. Nikipanda pikapu ya kubeba walioshindwa, hata kwa kuegesha kalio moja, Radi anarudi kwenye msumari ukutani na mteja wa kwanza anamchukua. Mjomba akishasema kasema.

Naye anaendesha! Kwa mvi zile! Mkaza mjomba kamwambia atarudi nyuma ya pikapu kama gunia la mkaa. Mjomba alizidi kupiga pampu.

Jumatatu, 6 Julai

Nimewaacha! Wote! Nyasi kulia, nyasi kushoto, mbele mbingu tupu. Barabara imenyooka kama mstari wa rula — darasani ningechora hivi nisingefukuzwa. Nilikimbia mpaka nikakosa wa kumringia, ikabidi nisimame niwasubiri.

Dereva wa pikapu, jitu zima lenye mswaki mdomoni kutwa, alinikuta hapo akashusha kioo. Eti kiti changu keshakifuta vumbi. Nikamjibu amwekee mama mkwe wake. Alicheka mpaka mswaki ukamtoka.

Jumanne, 7 Julai

Upepo. Wa uso. Nani kaufungulia? Hata mteremko leo ulikuwa unapanda. Muuza nguo, yule wa soksi ndefu, kashindwa kabla ya saa sita, kapanda pikapu. Sikumcheka. Haya, nilimcheka kidogo.

Mjomba akaniambia nikae nyuma ya gurudumu lake, upepo nimwachie yeye. Ujanja huo! Nyuma ya mgongo wake hakuna upepo kabisa, kama umefunga mlango. Shati lake limefura kama puto. Mimi nyuma napiga mluzi. Jioni nina nguvu za kucheza mpira, yeye kalala na viatu.

Jumatano, 8 Julai

Upepo tena. Mjomba mbele tena. Nikamwambia leo niongoze mimi. Akasema nitunze miguu, safari bado ndefu, na mtoto wa dada yake hatarudi nyumbani bila baiskeli. Basi nikatunza. Nani akatae?

Pancha moja tu. Nimeiziba kabla mwenye tairi hajamaliza kulaani. Dereva alikuwa anatazama, akasema nina mikono. Nikamuuliza na miguu je? Akasema miguu ataijua darajani. Ana wivu!

Mjomba hakula. Kasema ameshiba vumbi.

Alhamisi, 9 Julai

Daraja! Nimeliona! Mbali, jembamba kama spoki, lakini ni lenyewe! Nikapiga kelele, nikageuka nimwonyeshe Mjomba — hayupo. Barabara tupu.

Nikarudi. Nimemkuta amekaa pembeni ya barabara, baiskeli kaipindua, anakagua mnyororo. Mnyororo hauna kitu. Mimi ni mwanafunzi wake, naujua mnyororo mzima. Midomo yake imekuwa rangi ya majivu.

Dereva kafika, kashuka, mswaki kautia mfukoni. Kaongea taratibu.

"Mzee, panda. Kifua si tairi, hakizibwi kiraka."

"Mimi mzima," Mjomba kasema. "Sipandi gari kwa uchovu. Labda kama kuna mgonjwa wa kusindikiza."

Hakunitazama. Alikuwa anautazama mnyororo.

Niko nyuma ya pikapu sasa, nimeaga kwamba naenda haja. Naandika nimeegemea tairi. Wenzetu wote wamepita, kengele zao zinasikika huko mbele. Wanashangilia! Hata mwalimu wa hesabu, yule aliyekuwa anasukuma baiskeli kama toroli! Daraja liko pale. Nikiondoka sasa hivi nawapita wote kabla ya maji. Nawajua. Wana helmeti tu.

Radi kaegemea bamba la nyuma. Nimemfuta vumbi jana jioni nzima. Anang'aa, mwanaharamu.

Mjomba kajaribu kusimama. Kakaa tena. Kasema jua limekuwa kali, anapumzisha baiskeli. Baiskeli!

Nimejaribu hatua chache. Mguu wa kulia nikiuburuta hivi — hapana, hivi ni kama kuku aliyegongwa, hataamini. Nikishika paja, nikikunja uso kidogo… Hivyo. Hivyo inafaa. Nitasema msuli umekaza ghafla. Nitasema naomba asiniache peke yangu na huyu dereva. Mimi! Niliyesema miguu yangu ni ya chuma, tena mbele ya watu!

Si lazima. Labda atapata nafuu mwenyewe. Nangoja kidogo.

Anakohoa.

Dereva kaniona kwenye kioo cha pembeni nikijifunza kuchechemea. Hajacheka. Kashusha ubao wa nyuma, anasukuma madumu ya maji kando, anatandaza turubai. Anatenga nafasi ya baiskeli mbili.

Sijasema neno bado! Nani kamwambia mbili?