Pikipiki ya Marehemu Baba Imewaka

Muyama, wilaya mpya ya Buhigwe

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Kabla ya lolote ujue barua hii naiandika kwa kuiba muda, maana nikiweka mwiko wa uashi chini nusu saa tu, wilaya hii inasimama. Ofisi zote zinazojengwa hapa zinanisubiri mimi. Wakubwa wakipita wanauliza, "Yule fundi wa Kasanda yupo?" Wakiambiwa yupo, wanapumua. Mimi mzima, wifi yako mzima, Neema wetu mzima. Na wewe je, mguu umeacha kuvimba? Mama anakula vizuri? Mvua imewaachia maharage, au imebeba yote?

Sasa habari yenyewe. Siku ya matanga ulisema mbele ya ukoo mzima: pikipiki ya marehemu baba isiporudi Kasanda inanguruma kabla ya siku ya kumaliza msiba, unampa mtu wa vyuma chakavu. Watu walicheka. Mumeo akasema mimi hata cheni ya baiskeli ikitoka naita majirani. Dada, niliumia. Pikipiki ile ndiyo iliyompeleka baba vigangoni kusalisha watu miaka yote. Ikienda kuyeyushwa, tumemzika mara ya pili.

Basi nikaishusha kwenye lori hapa Muyama nikaanza, bila kufundishwa na mtu. Injini niliifungua yote kwa siku moja, ikabaki imetandazwa kama mbuzi wa Krismasi. Ndani ya bomba la moshi nilitoa panya, tena si panya hawa wa kwenu, mmoja alinikoromea. Nati zote nikaziosha kwa mafuta ya taa kwenye sufuria ya wifi yako. Wiki nzima maharage yalinukia kibatari.

"Baba Neema," akaniambia, "hiyo ni pikipiki au maiti unaosha?"

"Nyamaza, mama. Ufundi hauna haraka."

"Ufundi hauna haraka. Sufuria yangu je?"

Nilipoifunga tena, nati nne zilibaki. Nikazitia kwenye kopo. Hao walioiunda nao huzidisha. Tangi lilivuja, nikalisugua kwa sabuni ya mche, likaziba. Lakini kuwaka, haikuwaka. Nilipiga kiki mpaka kiatu kikapasuka, halafu kiki yenyewe ikakatika. Nikaifunga kabureta ndani ya kitenge, nikaenda nayo soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa fundi mmoja Mkongo. Akaipuliza kwa mdomo, likatoka tope la nyigu, nyumba nzima na vyumba vyake. Akacheka.

"Papa, mashini yako haina kufa, iko na njaa tu. Unaipatia esanse, na mlango iko ya kufungwa." Esanse ndiyo petroli kwao.

Nikamwambia nilishajua, nilitaka tu kumpima.

"Merci, papa. Sasa nimefaulu?"

Kwa kuwa kiki haipo, ilibidi kusukuma. Kila asubuhi kabla ya kazi wifi yako anakaa juu, anashika klachi, mimi nasukuma. Kusukuma kunataka mwanamume. Kukaa juu mtu yeyote anaweza. Siku ya kumi, kwenye mteremko wa kanisani, ikashika! Dada, moshi uliotoka, kuku wa mtaa mzima walipanda kulala saa mbili asubuhi.

Nikamwambia wifi yako ashuke, nikaipanda mwenyewe. Nikashika barabara ya Mtabila, ile kambi ya Warundi iliyofungwa mwaka jana, ambako siku hizi hakuna watu wengi. Niliruka, dada. Machozi yalinifika masikioni. Mara mbele yangu mzee mwenye fimbo anatoka shambani, anasimama kando ya njia. Wewe unajua tulivyolelewa. Mzee hapitwi kama kisiki. Unainama, unapiga makofi, mikono yote miwili. Nikaachia usukani, nikainama, nikapiga makofi, nikamwamkia: "Mwidiwe, mwidiwe!"

Pikipiki ikaingia kwenye mihogo ya watu, nami nikaifuata hewani. Mzee akaja mpaka pale nilipolala. Kwanza akaitikia salamu, kwa makofi, taratibu, mpaka ikaisha. Ndipo akauliza kama nimeumia.

"Mwanangu," akasema, "vijana wa siku hizi wanapita na honi tu. Wewe umelelewa. Ila nami ningekusamehe hata usingeachia usukani."

Pikipiki haikupata kitu ila taa moja. Inawaka, inanguruma, na siku ya kumaliza msiba itaingia Kasanda. Huyo mtu wa vyuma chakavu mwambie atafute majembe mabovu.

Nisalimie mama yetu, mwambie sauti ya baba anaisikia tena mwaka huu. Nisalimie mumeo, bila maneno mengi. Msalimie baba mdogo Zakaria mwenye mizinga ya nyuki, na shangazi Yustina, ambaye siku ile hakucheka.

Mpaka hapa wasomee watoto wako, wajue mjomba wao ni nani. Kinachofuata kisome kimoyomoyo.

Dada, tangu siku ya yule mzee usukani sijaugusa. Nikiukaribia nakumbuka ile mihogo. Anayeendesha ni wifi yako. Kule kukaa juu kila asubuhi kumemfundisha gia zote, na sasa anakwenda mpaka sokoni Kasulu na kurudi. Siku ya kumaliza msiba mkisikia mngurumo, mbele ni yeye. Mimi niko nyuma, nimemkumbatia kiunoni, macho nimefumba. Nakuomba kitu kimoja tu: wazuie watu ndani mpaka nishuke.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja,

Deo, fundi